Weupe Wangu, wa Kofia Wako

Mama Pacha alianza kumchukia yule msichana saa mbili na nusu asubuhi, na sababu ilikuwa salamu.

"Shikamoo, mama," msichana alisema, amesimama mlangoni mwa chumba cha vipimo, mkoba begani, koti jeupe limenyooshwa pasi mpaka linakata.

Mama Pacha alikuwa ameinamia meza, mbele yake panya aliyelala kwa dawa ya usingizi, sindano mbili nyembamba kama unywele zimeshaingia kwenye mguu wa nyuma. Hakuinua kichwa.

"Marahaba. Lakini mama yako yuko kwenu. Mimi nimezaa mara moja tu, wakatoka wawili, na wewe humo sikukuona."

Msichana akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Mama Pacha alikuwa na miaka thelathini na tisa, na hakuwa amezoea kuamkiwa na mtu aliyemzidi urefu.

Jina la Kidosho lilitoka kwa mlisha panya, mwanamume aliyegawa maneno mengi kuliko chakula. Siku hiyo hiyo alikuja na ndoo yake ya maranda, akaegemea mlango.

"Umemwona kidosho wa Profesa? Ana shahada, huyo. Si diploma kama sisi wengine."

"Wewe una diploma ya nini?"

"Ya kusafisha vizimba, daraja la kwanza. Lakini sikiliza, Mama Pacha. Msimamizi anastaafu mwisho wa mwezi wa sita. Profesa haleti mtu mwenye shahada aje kuosha mirija. Jiangalie."

Maneno hayo yalimkaa Mama Pacha kichwani. Msimamizi wa chumba, bibi mmoja mpole aliyekuwa akihesabu siku zake za mwisho kazini, alivaa ufunguo wa chumba shingoni kwa utepe wa bluu. Aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyeamua nani anapima nini, na meza gani inakaliwa na nani. Kwa miaka kumi na moja Mama Pacha aliutazama ufunguo ule kama watu wengine wanavyotazama kiwanja. Aliingia pale kijana mwenye diploma mpya na viatu vya kuazima. Alikuwa amejifunza kazi mpaka angeweza kuifanya huku anasinzia, na akiwa na mimba ya pacha aliifanya kweli huku anasinzia. Ufunguo ulikuwa wake. Kilichobaki ni kuvishwa tu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Walipima ishara inakwenda kwa kasi gani ndani ya mshipa wa fahamu. Unamlaza panya, unamnyoa mguu, unaugusa mshipa kwa umeme kidogo pale juu karibu na nyonga, kisha chini karibu na kifundo. Kila ukigusa, vidole vya mguu vinaruka, na kompyuta inakuambia ishara imetumia muda gani kufika. Unapima kwa rula umbali kati ya pale juu na pale chini, unagawanya kwa tofauti ya muda, unapata mita ngapi kwa sekunde. Hesabu ya shule ya msingi. Ugumu ulikuwa mkononi. Sindano ikikaa pembeni kidogo, unapata takataka.

Na mkono wa Mama Pacha haukutoa takataka. Alikuwa msafi kupita kiasi. Mguu ukishanyolewa aliufuta kwa pamba yenye spiriti mara tatu, mpaka ngozi ing'ae kama sahani ya wageni, na katikati ya vipimo aliufuta tena. Meza yake ilikuwa ile nzuri kuliko zote, chini ya kiyoyozi. Aliigombania mwaka wa tatu wa kazi, akaipata, na hakuna aliyewahi kukanyaga hapo.

Kidosho alipewa meza ya pembeni, dirishani, ambako jua lilimpiga mtu kisogoni hadi saa sita. Hakulalamika, na hilo nalo lilimuudhi Mama Pacha. Alifuta mguu wa panya mara moja, harakaharaka, kama anayemfuta mtoto mdomo. Kisha alimfunika panya kwa kijishuka cha flaneli alichokishona mwenyewe, kina maua.

"Na mito umewashonea?" Mama Pacha aliuliza.

"Bado, dada. Unadhani wangependa ya pamba au ya sufi?"

Lile neno "dada" lilikuja wiki ya pili, baada ya kuambiwa. Kijana alikuwa msikivu. Alikuwa pia mwepesi, mcheshi, na Profesa aliyekuwa akipita chumbani mara moja kwa wiki sasa alipita kila siku, akisimama dirishani na kikombe chake cha chai akicheka. Miaka kumi na moja Mama Pacha hakuwahi kumwona Profesa akionyesha meno ya nyuma.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya koo mbili. Chumba kile tangu mwanzo kilitumia panya wa ukoo mmoja, wale weupe wenye macho mekundu. Sasa Profesa alikuwa amepata ukoo wa pili, wenye mwili mweupe na weusi uliofunika kichwa na mabega kama mtu aliyevaa kofia ya mvua. Alitaka kujua jambo moja. Je, ishara inakwenda sawa katika mishipa ya koo zote mbili? Kama haiendi sawa, basi dawa iliyojaribiwa kwa hawa huwezi kuisemea kwa wale, na watu wengi duniani watakuwa wamekosea hesabu.

"Mtafanya pamoja," Profesa alisema kwenye kikao. "Panya ishirini na wanne kila ukoo. Mtagawana nusu kwa nusu."

"Hapana," Mama Pacha alisema.

Kila mtu akamgeukia.

"Profesa, mimi weupe nimewazoea, najua mifupa yao. Huyu ni mgeni, na hao wa kofia ni wageni. Wageni kwa wageni. Kila mtu na ukoo wake, kila mtu na daftari lake. Likitokea kosa, linajulikana la nani."

Kwa kweli haja yake haikuwa kosa lijulikane la nani. Hakutaka tu jina lake na la Kidosho yakae kwenye ukurasa mmoja, halafu Profesa aje aseme "kazi nzuri, binti" akitazama mistari aliyoiandika Mama Pacha. Msimamizi alikohoa kidogo, kama mwenye la kusema, lakini alikuwa amebakiza wiki kumi na hakutaka makuu. Profesa naye aliogopa ugomvi wa watu wazima kuliko moto wa maabara. Akasema sawa, sawa, kila mtu na wake.

"Weupe wangu, wa kofia wako," Mama Pacha alimwambia Kidosho walipotoka. "Tusiingiliane."

"Sawa, dada."

Wakapima wiki sita. Weupe wa Mama Pacha walitoa mita arobaini na sita kwa sekunde, arobaini na tano, arobaini na saba, wametulia kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Wa kofia wa Kidosho walitoa hamsini na nne, hamsini na tano, hamsini na tatu. Tofauti ya mita nane! Profesa alipoona majedwali mawili yamewekwa pamoja, aliweka kikombe chini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "unajua umepata nini hapa?"

Umepata. Hakusema mmepata. Mama Pacha alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, na daftari lake mkononi.

*

"Umepata!" alisema nyumbani jioni hiyo, akikatakata vitunguu kana kwamba vimemtukana. "Kwani wangu walikuwa wamelala likizo? Bila weupe, wa kofia wanamshinda nani?"

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa mezani anatoa kibanzi cha chuma kidoleni. Pacha walikuwa chini wanafanya kazi za shule, masikio yote manne yamesimama.

"Ngoja nielewe," alisema mumewe. "Panya wake wamekimbia kuliko wako."

"Hawakimbii! Wamelala. Ni mishipa."

"Mishipa yake imekimbia kuliko yako."

"Ya panya!"

"Mke wangu, nimeishi na wewe miaka kumi na tatu. Ulinionea wivu nikapona, ukamwonea wivu dada yangu akahama mtaa. Leo tumefika kwa panya?"

Pacha wakacheka. Mama Pacha akawatolea jicho, wakarudi kwenye madaftari.

"Yule msichana hasafishi," alisema, kisu kimesimama. "Nimemwona kwa macho yangu. Anafuta mara moja, anafunika kishuka, anapima. Uchafu wote uko pale. Ile mita nane ni uchafu, na mimi nitaonyesha."

"Utaonyeshaje?"

"Nitawapima wa kofia mwenyewe. Kwa mkono wangu, kwa usafi wangu. Wakitoka arobaini na sita, tutaona nani amepata nini."

Mumewe aliinua macho kutoka kidoleni. "Na wakitoka hamsini na nne?"

"Hawatatoka," alisema, akarudi kwenye vitunguu.

*

Jumamosi asubuhi mlisha panya alimkuta nje ya nyumba ya wanyama, tayari amevaa koti.

"Mama Pacha! Leo Jumamosi. Umefukuzwa nyumbani?"

"Nataka wa kofia wanne. Wale wa akiba. Karatasi hii hapa, msimamizi ameshasaini."

"Wa kofia? Si mliapa msiingiliane?" Alikuna shingo, macho yanameremeta. "Haya, mimi sijaona kitu. Lakini ukimaliza njoo unisimulie, maana huku ndani kunachosha. Panya hawana umbea."

Chumba kilikuwa kitupu. Aliwasha kiyoyozi, akawasha kompyuta, akapanga vyombo vyake. Alimlaza wa kwanza, akamnyoa, akafuta mara tatu hadi ngozi ikang'aa, akamweka mkekani. Huo ulikuwa mkeka wa joto, unaozuia mwili wa panya aliyelala usipoe. Kipimajoto kilikaa nyuma, kwenye njia ya haja, kikisoma thelathini na saba kamili kama kitabu kinavyotaka. Akagusa juu. Akagusa chini. Akafuta tena, akapima umbali, akagawanya.

Arobaini na sita.

Alisimama wima. Akakaa. Akarudia kipimo, likaja lile lile. Wa pili akatoa arobaini na tano na nusu. Wa tatu arobaini na saba.

"Nimekupata," Mama Pacha aliuambia ukuta, akazunguka meza akicheza kwa mabega, peke yake, glavu zimejaa spiriti. "Nimekupata, Kidosho wee! Mita nane za mifukoni!" Aliiona Jumatatu yote mbele yake. Aliona miwani ya Profesa ikivuliwa tena, safari hii kwa sababu nyingine.

Alimlaza wa nne akiimba. Alipokuwa anaunyoosha mguu, glavu ya mkono wa kushoto ilinasa kwenye pembe ya rula ikachanika toka kidole gumba hadi kiganja. Aliivua. Na kwa kuwa alikuwa na haraka ya furaha, hakutafuta nyingine. Aliushika mguu wa panya kwa mkono mtupu.

Ulikuwa baridi.

Haukuwa baridi ya mfu, kwani panya alikuwa anapumua vizuri na kipimajoto kilisema thelathini na saba. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kisimani. Mama Pacha akashika tumbo la panya: moto. Akashika mguu: baridi. Miaka kumi na moja alikuwa amevaa glavu, kwa usafi, na miaka kumi na moja hakuwahi kuugusa mguu kwa ngozi yake mwenyewe.

Akainua uso. Kiyoyozi kilikuwa kinampulizia moja kwa moja, na chini ya upepo wake ule mguu ulionyolewa, uliolowa spiriti mara tatu, ulikuwa unakauka. Kila mzazi aliyewahi kumsafisha mtoto jeraha kwa spiriti anajua inavyopoza. Na chuoni, mwaka wa kwanza, waliwahi kuambiwa kwamba mshipa ukipoa ishara inapungua kasi. Alikuwa amejibu hilo swali kwenye mtihani na kupata vyema.

Alichukua kipimajoto kidogo cha akiba na kukilaza kwenye ngozi ya mguu. Thelathini na mbili.

Akapima ishara mguu ukiwa hivyo hivyo: arobaini na sita. Akazima kiyoyozi. Akaenda dirishani, kwenye meza ya pembeni, akafungua droo na kutoa kijishuka cha maua. Akamfunika panya, akamhamishia juani na mkeka wake, akasubiri nusu saa, ameketi, mikono mapajani. Mguu ulipofika thelathini na sita na nusu, akapima.

Hamsini na nne.

Basi wa kofia hawakuwa na kasi kuliko weupe. Hawakuwa na kasi kuliko mtu yeyote. Walikuwa tu na miguu ya moto, kwa kuwa mmoja aliwafunika shuka, na weupe walikuwa na miguu ya baridi, kwa kuwa mwingine alikuwa msafi. Na kama wangegawana nusu kwa nusu, jambo hili lingeonekana wiki ya kwanza. Lakini kulikuwa na mtu aliyesema kila mtu na ukoo wake.

Alipotoka, mlisha panya alikuwa anamsubiri. "Vipi? Nani mshindi?"

"Kalishe panya," Mama Pacha alisema, akapita.

*

Jumatatu walikutana watano kwenye chumba cha mikutano: Profesa, msimamizi na ufunguo wake, mlisha panya karibu na sahani ya biskuti, Mama Pacha, na Kidosho aliyesimama mbele. Ukutani kulikuwa na mchoro wake wa nguzo mbili, nguzo fupi nyeupe na nguzo ndefu nyeusi.

Mama Pacha hakuwa amelala vizuri siku mbili, lakini alikuwa ameshafikia uamuzi, nao ulikuwa kunyamaza. Hakuna aliyejua. Zile karatasi za Jumamosi zilikuwa kwenye mkoba wake, zimekunjwa mara nne. Akisema, ni yeye atakayevuliwa nguo mbele ya watu. Angejitia kitanzi kwa nini?

Kidosho alieleza vizuri mno. Alipomaliza, Profesa alisimama.

"Nina mawili. La kwanza, ufunguo. Nadhani hatuna haja ya mjadala mrefu. Mama Pacha amekaa hapa miaka kumi na moja, sote tunamjua. Mwisho wa mwezi utakuwa wake."

Msimamizi alimgeukia na kutabasamu. Mlisha panya akampigia makofi mawili na biskuti mdomoni. Mama Pacha aliinamisha kichwa kwa shukrani. Huo hapo! Ulikuwa umefika, kirahisi hivyo, na moyo wake ulikuwa unaanza kutulia.

"La pili," Profesa aliendelea, na sauti ikabadilika, ikawa na asali, "ni hili la binti yetu. Nimefundisha miaka thelathini. Nimeona wanafunzi wenye akili, nimeona wenye bidii, lakini mkono kama huu sijauona. Makala hii itasomwa mbali, na jina la kwanza juu yake litakuwa lake. Tumpongeze."

Mkono kama huu sijauona.

Makofi yakaanza. Kidosho alishika mdomo, macho yamelowa. Na Mama Pacha, ambaye sekunde kumi kabla alikuwa na kila alichokitaka, alihisi donge likimfika kwenye ulimi. Ufunguo ulikuwa chuma. Hakuna aliyewahi kusema neno kama lile juu ya mkono wake.

"Hakuna tofauti," alisema.

Makofi yakakatika.

"Wa kofia na weupe ni sawasawa. Hiyo mita nane ni ya baridi." Alikuwa ameshasimama, karatasi zinafunguka mikononi. "Jumamosi niliwapima wa kofia. Kwa namna yangu walitoa arobaini na sita. Kwa namna yake, hamsini na nne. Panya yule yule, Profesa, mguu ule ule! Spiriti na kiyoyozi vinapoza mguu. Mwili unasoma thelathini na saba, mguu unasoma thelathini na mbili. Huo mchoro si wa koo mbili. Ni wa meza mbili."

Profesa alizisoma karatasi polepole. Ilichukua muda mrefu, na mlisha panya alisahau kutafuna.

"Tangu lini unafuta hivi?" aliuliza hatimaye.

"Tangu nianze."

"Miaka kumi na moja."

"Ndiyo. Lakini zamani nilipima wote mwenyewe, wagonjwa kwa wazima, kwa hiyo wote walikuwa na baridi moja. Kulinganisha kulikuwa halali. Namba zenyewe ndizo zilikuwa chini."

"Na mimi," Profesa alisema, "miaka yote hiyo najiuliza kwa nini panya wetu wana kasi ndogo kuliko wa vitabuni. Nikabadilisha chakula mara tatu."

"Mara nne," mlisha panya alisema.

Profesa akavua miwani. Alisema watarudia yote. Panya wa koo zote watachanganywa, kura itapigwa nani anapima yupi, meza moja, kipimajoto kwenye mguu. Mambo ya makala yafungwe. "Na ufunguo utasubiri," aliongeza, bila kumtazama mtu.

Mama Pacha alikaa. Alikuwa amesema kweli tupu, kila neno, na mdomoni mlikuwa na ladha tamu ambayo alijua vizuri haikutokana na ukweli.

Kidosho alimfikia kwenye korido, karibu na masinki.

"Dada. Ulijua tangu Jumamosi."

"Ndiyo."

"Simu yangu unayo. Kwa nini hukunipigia? Ningekaa chini. Nisingesimama pale mbele kama kinyago." Hakuwa anapiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. "Jana nilimpigia mama, nikamwambia nimegundua kitu. Ameshawaambia majirani wote."

Mama Pacha alifungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Kulikuwa na majibu mengi, na mtu mwenye domo kama lake hakosi moja.

"Nilitaka usimame," alisema. "Nilitaka uwe umesimama."

Kidosho aligeuka, akaenda zake.

*

Walirudia kwa wiki tatu, kwenye meza moja, viwiko vikigusana. Hawakusemeshana zaidi ya namba. Mmoja alisoma, mwingine aliandika, wakabadilishana. Mama Pacha aliona alichokuwa hataki kuona, kwamba msichana alikuwa na mkono kweli, mwepesi na wenye uhakika, na sindano iliingia mara ya kwanza. Aliona pia kwamba mara mbili, Kidosho alipokwama kutafuta mshipa, alisogea kando na kusema, "Jaribu wewe, dada," bila kinyongo, kama anayempa mtu nafasi benchini. Yeye mwenyewe alikwama mara moja. Alikaa dakika ishirini akihangaika, jasho linamtoka, wala hakusogea.

Weupe wakatoa hamsini na nne. Wa kofia wakatoa hamsini na tatu na nusu. Hakuna tofauti. Profesa alisema hiyo nayo ni habari, japo hakuna anayeipigia makofi.

Siku ya mwisho ya mwezi alimwita Mama Pacha ofisini. Utepe wa bluu ulikuwa mezani.

"Nitakuwa mkweli," alisema. "Nilimpa binti kwanza. Baada ya yaliyotokea niliona namba zilizosimama ni zake. Amekataa. Anasema chumba hiki kinahitaji mtu anayeweza kusimama akasema nimekosea. Nikaona ana hoja." Akausukuma utepe. "Chukua."

Mama Pacha aliuchukua. Alipita korido akiushika kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake, akaingia chumbani. Kidosho alikuwa anakusanya vijishuka vyake kwenye mkoba.

"Nani alikutuma kunigawia?"

"Sijakugawia. Siutaki, dada." Alikunja kimoja, akakilaza. "Sikai. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili, natoka mwezi ujao. Profesa ameniandikia barua. Nitasoma hilo hilo, joto la mguu na kasi ya mshipa. Nani anakosea wapi, na kwa kiasi gani."

Ilichukua sekunde moja kuingia.

"Hilo ni kosa langu," Mama Pacha alisema.

"Sijasema si lako. Nimeandika hivyo, kwamba uliligundua wewe. Liko ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili! Mimi nimelifanya miaka kumi na moja, wewe ndiye unakwenda kulisomea?"

Alisikia mwenyewe alivyosema. Kidosho naye alisikia, na kona ya mdomo wake ikaanza kucheza, akauma mdomo, ikamshinda. Alicheka mpaka akashika meza. Mama Pacha alisimama pale na ufunguo shingoni, chuma kinamgonga kifuani, akiwa amepata kile alichokililia muongo mzima, na roho inamuuma kuliko siku ya kwanza.

"Wanachukua watu wa diploma?" aliuliza.

Kidosho akaacha kucheka. "Wenye uzoefu wa miaka kumi, ndiyo. Wanaanzia nyuma kidogo, mwaka mmoja wa ziada. Nilizichukua fomu mbili, moja nikaiharibu... hapana, ngoja." Akapekua mkoba. "Hii safi. Lakini mwisho ni Ijumaa, dada, na leo ni Jumatano."

Mama Pacha aliinyakua, akavuta kiti kwenye meza ya dirishani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akaisoma ukurasa wa kwanza kwa kidole.

"Sasa umesimama unanitazama nini? Nipe kalamu."